Pipa Lenye Mwenyewe

Fundi Picha alibonyeza kitufe cha kugandisha picha. Mtoto akatulia kwenye kioo, lakini kitu kilichokuwa nyuma ya mgongo wake kikaendelea kutikisika.

"Mashine imezeeka," alijisemea, akabonyeza tena.

Wagonjwa ndio waliompa jina la Fundi Picha, kwa kuwa kutwa alikaa katika chumba chenye pazia zito akipima mimba kwa altrasaundi. Kitandani alilala mama mjamzito wa miezi minane, tumbo limepakwa jeli. Pembeni alikaa mama mkwe wake, tasbihi mkononi, mdomo haujui likizo.

"Fundi, angalia pua kwanza. Akichukua ya baba yake, tumekwisha."

"Mama jamani!" mjamzito alicheka.

Fundi hakucheka. Alikuwa akitafuta maji ya uzazi, yale anamoelea mtoto, ambayo kwenye kioo huonekana kama madimbwi meusi. Aliligawa tumbo pande nne, apime dimbwi la kila upande, kama kazi yake inavyotaka. Matatu yalikuwa membamba kama uzi. La nne lilipungua mbele ya macho yake.

"Dada, chupa ya uzazi imepasuka? Kuna maji yametoka?"

"Hata tone. Ila nina kiu, kaka. Nakunywa ndoo nzima na kiu haikatiki. Nikijilaza nasikia mtu anameza. Mume wangu anasema ni mimi mwenyewe."

Tasbihi ikasimama.

Fundi alijua kwamba mtoto akikosa maji kamba ya kitovu hubanwa na moyo huchoka. Akafungua sauti. Moyo ulikuja mbio, tikitikitiki, kama cherehani. Kisha, chini ya sauti ile, ikasikika nyingine ya polepole, gubu, gubu, kama koo kubwa linalomeza bila haraka, na kila gubu lilipokuja cherehani ilikwama, ikajivuta, ikaanza upya kwa unyonge, huku chumba kikijaa harufu ya tope la kisima kilichofunikwa siku nyingi, harufu ambayo Fundi aliitambua mara moja.

Ilikuwa harufu ya pipa la maji lililokaa nyuma ya jengo.

Mimba ilipokuwa changa, dada huyu alikuja kibofu kikiwa kitupu, na mimba changa haionekani vizuri mpaka mama anywe maji kibofu kijae. Bomba lilikuwa limekauka. Foleni ilifika mlangoni. Fundi akachota jagi kwenye pipa ambalo mama wa usafi alimkataza tangu siku ya kwanza: "Hilo usiguse, mwanangu. Haliongezwi wala halipungui. Lina mwenyewe." Akampa mgonjwa glasi juu ya glasi, "Kunywa, kunywa," wala hakumpa nafasi ya kulitaja jina la Mungu. Mola amsamehe, na sisi pia, maana nani hajawahi kumharakisha mwenzake?

Sasa spika ya mashine ikanong'ona, kwa sauti ya mtu mwenye maji mdomoni:

"Alikunywa yangu. Nami nakunywa yake."

"Nani huyo?" mama mkwe aliuliza kwa sauti ndogo.

Fundi angeweza kusema ni redio ya jirani. Badala yake akapiga magoti, akaeleza yote: pipa, jagi, katazo, hata kile kilichokataa kuganda kwenye picha.

"Utalia baadaye," mama mkwe alimkata. "Kimbia ukamwite daktari wa upasuaji. Huyu mwingine niachie mimi."

Akaweka kiganja juu ya tumbo lenye jeli, akasoma dua, akasoma mpaka sauti ikamkauka, na hakuacha hata walipomsukuma mkwewe kwenda chumba cha upasuaji. Mtoto alitolewa hai, ngozi imekunjamana kama nguo iliyokamuliwa. Daktari alisema chupa haikuwa na unyevu wowote. Fundi alikwenda nyuma kulipindua pipa. Lilikuwa kavu, na ndani utando wa buibui ulikuwa umeshakolea vumbi.

Baada ya wiki kadhaa walirudi, mtoto kifuani kwa mamaye. Mama mkwe hakuwa na utani.

"Ananyonya?" Fundi aliuliza.

"Sana. Maziwa hayamtoshi." Mama wa mtoto akaangalia mlango, akasogea karibu. "Kaka, yeye akimeza, kuna mwingine anameza nyuma yake."

Akamlaza mtoto kitandani, akamfungua nguo taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtu asiyeonekana.

"Sisi tulishakusamehe. Naomba umpime tumbo," alisema. "Lakini picha usiigandishe."