Vidonge vya Mwali

"Mwanangu nimemweka ndani anawiri, yeye ananiletea dawa! Ndiyo kusema nimempa mgonjwa?"

Bi Mwanasiti alikuwa ameshika kichupa cha vidonge vya vitamini. Alikikuta kwenye sinia la zawadi za bwana arusi, kimewekwa katikati ya udi na kanga. Arusi ya Mastura na Himyar ilibaki siku tisa, mwaka ule wa 1956, na mtaa mzima wa Nguvumali, pale Tanga, ulikuwa na habari.

"Mama, ni vya kutia nguvu tu," Mastura alisema.

"Nguvu ipi uliyokosa? Mwezi wa pili huu nakulisha wali, maandazi, halua. Namwita leo, achukue kichupa chake na posa yake!"

Mastura alimpenda Himyar, tena alimpenda sana, na chanzo cha balaa lote alikijua. Lakini aliogopa kukitaja.

Alasiri Himyar akaja kutoka duka la dawa alikofanya kazi, pale Barabara ya Nane. Mwali haonwi na bwana arusi wala hasikiki, kwa hiyo alikaribishwa barazani. Mastura akabaki nyuma ya pazia, akiona viatu vyake tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani kakwambia mwanangu mgonjwa?"

Viatu vikarudi nyuma hatua moja.

"Nakuuliza wewe, bwana dawa!"

"Siwezi kusema, mama. Kosa ni langu, nisamehe."

"Husemi? Basi hatuna la kuongea. Kamwambie baba yako posa imerudi."

Vile viatu vikageuka kuelekea barabarani. Yule kijana alikuwa radhi akose mke kuliko kumchongea mchumba wake. Mastura akashindwa kuvumilia.

"Ni mimi, mama! Mimi ndiye niliyemwandikia barua!"

Bi Mwanasiti akajishika kichwa. Mwali kupaza sauti mbele ya bwana arusi!

"Fizi zinanitoka damu kila nikipiga mswaki," Mastura aliendelea, sasa analia.

"Sasa umwambie yeye, mimi mama yako uniache?"

"Nilikwambia wewe kwanza. Ukaniletea halua."

Bi Mwanasiti akakaa chini.

"Nikakuomba mchicha," Mastura akasema taratibu. "Ukasema mwali halishwi majani, watu watadhani tuna dhiki."

Ilikuwa kweli. Himyar ndiye aliyesema, amesimama palepale barazani.

"Na mimi nilifanya pupa, mama. Kutwa nauza vichupa, nikadhani kila kitu kimo humo. Leo asubuhi nimemuuliza daktari, akanicheka. Akasema vidonge ni vya mtu aliyekosa chakula, au asiyeweza kula. Mwenye meno yake na mama anayepika, ale machungwa, mapera, na mchicha usiopikwa mpaka ukafa."

"Daktari kasema hivyo?"

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ukaja mikono mitupu?"

"Kikapu kipo kwenye baiskeli. Machungwa ya Muheza. Niliona haya kukiingiza, nisije nikakutukana mara ya pili."

Bi Mwanasiti alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Alikifuata kikapu mwenyewe, akamenya chungwa palepale, akaingia nalo ndani akamlisha Mastura kipande kwa kipande, kama alipokuwa mdogo.

"Nisamehe, mwanangu. Nimeogopa midomo ya watu kuliko damu yako."

"Yamekwisha, mama."

Huko nje mtu akakohoa.

"Mama... na ile posa?"

"Posa gani?" Bi Mwanasiti alijibu, akijipangusa macho kwa upindo wa kanga. "Mimi nina mwali wa kulisha, wewe unaniuliza posa! Kesho lete mapera. Na uje na njaa, mkwe wangu, mchicha ntapika wa watu wote."