Kioo cha Reinastella

Msinicheke. Kosa lilikuwa langu na nalisema kwa mdomo wangu mwenyewe.

Baba mkwe wangu, mzee Anselme, alifariki Jumanne mchana, amekaa siti ya nyuma ya gari lake la Reinastella. Gari refu lile, alilinunua kuukuu kwa daktari mmoja wa Nevers, na kila bibi harusi wa kijiji chetu alipelekwa kanisani nalo. Kwetu mtu akifa, saa husimamishwa na vioo vyote hufunikwa kitambaa cheusi, roho isije ikajiona ikanasa. Nilifunika vyote, hata kijioo cha kunyolea. Gari sikulikumbuka.

Jumamosi binti yangu Solange alikuwa anaolewa. Jua lilikuwa zuri, bata wameshaingia jikoni. Mume wangu Théophile alishika usukani, mimi kando yake, Solange peke yake nyuma na shela lake. Jirani yetu, Bibi Perrine, alikuja dirishani kutuaga. Akakiona kile kioo juu ya dereva.

"Honorine, hicho ulikifunika?" akaninong'oneza.

"Nilisahau, Bibi."

"Basi mzee yumo, na sasa kitambaa hakimtoi. Atakayejitazama humo wa kwanza, ataondoka naye."

"Bibi naye! Siku ya harusi?" Théophile akasema, akaondoa gari. Yeye kioo kile kilimwonyesha barabara tu.

Hatujafika darajani, Solange akauliza, "Mama, nani kakaa hapa?"

"Hakuna mtu, mwanangu."

"Ngozi ya siti imebonyea. Ina baridi."

"Kiwewe cha bibi harusi hicho," baba yake akamtania. Solange hakucheka.

Kisha akasema polepole, "Babu anasema shela limekaa upande. Anasema nijitazame."

Niligeuka. Macho yake yalikuwa wazi, lakini hayakuniona. Akaanza kuinuka kuelekea kioo.

"Théo, simama."

Gari lilisimama. Solange hakukoma. Nilimsukuma, hakusukumika. Nilikivuta kioo, hakikung'oka. Shela likanigusa shavu. Mtoto nimemzaa mmoja tu, jamani. Nikaingiza uso wangu mbele ya uso wake, nikatazama.

Nilijiona. Mimi nilikuwa nimekodoa macho. Yule wa kiooni alikuwa ameyafumba.

Solange akaanguka kwenye siti. "Mama, tumeshafika?"

Aliolewa. Tulikula, tulicheza, na ninamshukuru Mungu mpaka leo kwamba yu hai.

Jumapili asubuhi nilikwenda kufuta siti ya nyuma. Ngozi ilikuwa imebonyea mahali pawili, bega kwa bega. Papana palikuwa pa mzee. Pa pili si pa Solange, yeye ni mwembamba kama mchicha. Mimi siti ile sijawahi kuikalia maishani mwangu. Nikakaa.

Palinienea sawasawa. Na palikuwa na joto.