Daftari la Wodi ya Nne

Kila asubuhi ya siku ya shule, nyumbani kwa kina Chiriku kulikuwa na vurugu ile ile. Baba, fundi wa majokofu, alitafuta bisibisi zake chini ya meza. Mama alitafuta miwani, ambayo mara nyingi ilikuwa juu ya kichwa chake mwenyewe. Naye Chiriku, binti yao wa miaka kumi na miwili, aliongea. Aliongea akipiga mswaki, akaongea akinywa chai, akaongea akifunga viatu. Hata walimu walikuwa wameshasahau jina lake la cheti cha kuzaliwa.

Saa moja kasorobo rafiki yake Kibiriti alibisha mlango, wakaongozana kwenda shule. Walisoma darasa la sita na walikaa dawati moja. Kibiriti aliitwa hivyo kwa kuwa alikuwa mwepesi wa kuwaka. Aliishi na bibi yake, mshonaji wa sare za shule, aliyemwita Chiriku "mjukuu wangu wa pili" na kumshonea sketi kwa kumkadiria kwa macho tu, bila tepu, na ikamkaa sawasawa.

Ijumaa moja mlango haukubishwa. Chiriku alimkuta mwenzake darasani, amehamia dawati la nyuma.

"Mbona umenikimbia?"

"Kamuulize mama yako," Kibiriti alijibu bila kumtazama. "Jana usiku taarifa ya habari ilimwonyesha. Anamtetea Chuma."

Jina hilo kila mtoto wa mji ule alilijua. Miaka kumi na mitatu nyuma, nchi ilipokuwa vitani, wapiganaji walilichoma moto soko la mtaa wa kina Kibiriti mchana kweupe, watu wakiwa ndani. Mjomba wake Kibiriti, kitinda mimba wa yule bibi mshonaji, hakutoka. Waliosalimika walisema kiongozi wa kikosi kile aliitwa Chuma. Vita vilipokwisha, ikaundwa mahakama ya kimataifa, yenye majaji kutoka nchi mbalimbali, kuwahukumu waliofanya maovu kama hayo. Dereva mmoja wa malori, aliyejulikana kwa jina hilo hilo la utani, alikamatwa. Alikuwa na miaka minne rumande.

Chiriku alijua mama yake ni wakili katika mahakama ile. Hakujua ni wakili wa nani, maana mama hakuwa na mazoea ya kuleta kesi mezani.

"Labda si yeye aliyefanya," alinong'ona.

"Lisemwalo lipo!" Kibiriti aliwaka. "Bibi hajala tangu jana. Mama yako akishinda, bibi yangu atakufa. Usinifuate tena."

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu ajue kuongea, Chiriku alinyamaza kutwa nzima.

Jumamosi mchana, mama akiwa dukani na baba akiwa kazini, mzee mmoja alifika mlangoni. Alivaa kofia ya sufu na viatu vilivyojaa vumbi la safari ndefu. Alikuwa muuguzi mstaafu, na mkononi alikuwa na bahasha nene ya kaki.

"Mwambie mama yako, kile alichokuwa akikitafuta kimepatikana," alisema. "Nilikificha wakati wa vita hata mimi nikasahau nilipokiweka. Nimeambiwa ofisi yake leo imefungwa, nikaelekezwa hapa. Mpe mkononi, mjukuu wangu. Basi langu linaondoka sasa hivi, na kwetu simu hazishiki."

Chiriku aliipokea kwa mikono miwili. Alimsindikiza mzee hadi getini, akarudi ndani, akasimama katikati ya sebule. Mama akishinda, bibi yangu atakufa. Maneno yale yalimzunguka kichwani kama nzi. Hakufikiri zaidi. Aliingia chumbani, akainua godoro, akaisukuma bahasha chini yake.

Jumapili ilipita. Jumatatu asubuhi, mama alimenya yai akaliacha bila kulila.

"Kuna mzee aliniahidi kuniletea ushahidi," alimwambia baba. "Simpati. Keshokutwa ndiyo siku yangu ya mwisho ya kuleta ushahidi. Baada ya hapo majaji wanafunga jalada."

Chiriku aliangalia kikombe chake. "Mama, wewe unajuaje kama mtu wako hakufanya?"

Baba alisita kutafuna. Mama hakukasirika. Alivuta kiti karibu na binti yake.

"Sijui, mwanangu. Sikuwepo. Majaji nao hawakuwepo. Mwendesha mashtaka analeta sababu za kumtia mtu hatiani. Mimi nayapima maneno ya mashahidi wake, nauliza walichokiona, wapi, saa ngapi, kisha naleta na ya upande wa pili. Ndipo majaji wanapima. Ulishaona mzani wa sahani moja?"

"Hapana."

"Haupimi kitu. Hata utie jiwe, hata utie unyoya, unaangukia huko huko."

"Lakini watu wote wanasema ni yeye. Lisemwalo lipo."

"Lipo," mama alikubali. "Ila mara nyingine lipo kwa jirani."

Alasiri ile Chiriku alirudi nyumbani kutoka shule peke yake. Alifunga mlango wa chumba, akaitoa bahasha. Aliifungua. Ndani mlikuwa na daftari kubwa la hospitali, jalada lake limeliwa na mchwa pembeni. Juu yake paliandikwa: Wodi ya Nne, Wagonjwa Waliolazwa. Kipande cha karatasi kilikuwa kimewekwa kama alama. Alifungua hapo, akafuata kwa kidole, mstari kwa mstari, akafika kwenye jina halisi la yule dereva, lile lililotajwa redioni. Mguu wa kulia umevunjika sehemu mbili. Amefungwa plasta, hawezi kusimama. Tarehe ya kulazwa. Tarehe ya kuruhusiwa, wiki sita baadaye.

Chiriku aliijua tarehe ya kuchomwa soko. Kila mwaka siku hiyo alikwenda na Kibiriti kupeleka maua. Alihesabu kwa vidole, akahesabu tena. Siku ile soko lilipowaka, dereva yule alikuwa na siku kumi na moja kitandani, mguu umening'inizwa kwa kamba.

Kumbe mtu aliyemchukia tangu Ijumaa hakuwepo kabisa sokoni! Na ushahidi ulikuwa umelala chini ya godoro lake, yeye akilala juu yake.

Asubuhi ya Jumanne, mama alikuwa akipiga pasi joho lake jeusi. Chiriku alisimama mlangoni, daftari kifuani.

"Mama, mzee alikuja. Jumamosi. Nililificha."

Mama aliiweka pasi wima. Alilipokea daftari, akalifungua penye alama, akasoma. Kisha akaketi juu ya kapu la nguo.

"Umelisoma?"

"Ndiyo. Nilitaka bibi yake Kibiriti asife. Nisamehe, mama." Machozi yakamtoka, na maneno nayo yakafunguka kama bomba lililozibuliwa. Alieleza yote, kuanzia dawati la nyuma mpaka godoro.

Mama alilifunga daftari. "Umeniumiza," alisema hatimaye. "Na ungemuumiza mtu zaidi yangu. Lakini umekuja mwenyewe, na umekuja kabla mlango haujafungwa. Nawa uso. Leo kila mmoja wetu ana la kusema. Mimi nitawaambia majaji kwamba daftari hili lilikaa nyumbani kwangu siku tatu na kwa nini."

"Watakufukuza?"

"Wakinifukuza kwa kusema kweli, nitamsaidia baba yako kutengeneza majokofu."

Baba alikohoa jikoni. "Na miwani yake ile? Tutagandisha wateja!"

Chiriku alicheka huku analia.

Majaji hawakumfukuza mama. Walimwonya, wakalipokea daftari, wakampa mwendesha mashtaka wiki tatu kulichunguza. Wataalamu walipima wino na karatasi. Yule muuguzi mstaafu aliletwa, akahojiwa siku mbili mfululizo. Daktari aliyekuwa amehamia mbali alipatikana, na picha za eksirei za mguu wa dereva zikaonyesha mifupa iliyounga vibaya, pale pale palipoandikwa daftarini. Tena mashahidi wawili wa mashtaka, walipoulizwa upya, walikiri hawakuwahi kumwona Chuma kwa karibu. Walisikia jina tu likiitwa.

Katika wiki hizo Chiriku alikwenda kwa mshonaji. Alimkuta Kibiriti akishika kitambaa na bibi akiendesha cherehani. Aliwaeleza alichokificha na alichokisoma. Cherehani ilisimama. Bibi alimtazama mtoto yule, kisha akasema tu, "Nitakwenda nikasikie kwa masikio yangu."

Siku ya hukumu, Chiriku aliketi katika sehemu ya wageni, nyuma ya kioo kipana, amevaa vipokea sauti vilivyomletea maneno ya mkalimani. Safu ya mbele waliketi bibi na Kibiriti. Mwendesha mashtaka ndiye aliyesimama kwanza. Alisema kwamba baada ya uchunguzi, upande wake hauombi tena mtu huyu atiwe hatiani, na kwamba wameanza kumtafuta mtu mwingine aliyetumia jina la Chuma. Jaji kiongozi akasoma. Alisoma kwa dakika arobaini. Mwisho akasema: mshtakiwa hana hatia, aachiwe huru leo hii.

Dereva alijishika uso kwa viganja. Mama alivua miwani na kuifuta, ingawa haikuwa na uchafu.

Baadaye, ukumbini, dereva alifika kwenye mlango wa kutokea akasimama. Alingoja. Ilichukua muda watu kuelewa: kwa miaka minne milango yake ilifunguliwa na askari. Mama alimwashiria kitasa. Akakishika, akafungua mwenyewe, akacheka kwa sauti kubwa hata mlinzi naye akacheka.

Nje, kwenye ngazi, bibi mshonaji alikuwa akimsubiri. Chiriku alijibana nyuma ya mama yake. Bibi na dereva walitazamana.

"Mwanangu," bibi alisema, "nimekulaani kwa miaka minne. Naomba unisamehe."

"Ulinilaani kwa kosa la mtu mwingine, mama," dereva alijibu, akiinamisha kichwa. "Laana hazikujua njia ya kwangu. Pole kwa mtoto wako."

Bibi alimgeukia wakili. "Nami nilikuwa nakuona adui. Ahsante kwa kuuliza." Kisha akamwita Chiriku, akamshika mabega. "Wewe ulificha kwa kunipenda. Najua. Lakini sikiliza, na wewe Kibiriti sikiliza. Mimi sitaki mtu yeyote tu afungwe kwa ajili ya mwanangu. Namtaka aliyefanya. Wangemfunga huyu, ningekwenda kaburini nimeridhika na uongo, na muuaji angekuwa mahali fulani anakunywa chai yake kwa raha. Anayemtetea mshtakiwa ananitetea na mimi, kwa sababu bila yeye nisingejua kweli. Na kweli haifichwi, wajukuu zangu, hata kwa nia njema. Ukiikuta, itoe, ijapokuwa inauma."

"Nimekuelewa, bibi," Chiriku alisema.

Kibiriti alikuwa akichora kwa kidole cha mguu juu ya ngazi. "Lile dawati la nyuma," alisema polepole, "lina msumari. Limenichania sketi."

"Rudi la mbele, basi."

"Utaniacha nisikilize mwalimu?"

"Siahidi."

Bibi alisema ana njaa, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, akatangulia kushuka ngazi. Wasichana wawili wakamfuata, mmoja akiongea, mwingine akijaribu kuingiza neno.