Ishi ya Yitbarek

Yitbarek ni mtoto wa fundi cherehani wa mji wa Debre Markos. Asubuhi ya safari ya chuo kikuu, mama yake, Etenesh, alimfungia kopo la unga na mfuko wa kolo, ile shayiri ya kukaanga.

"Ule vizuri, mwanangu. Usali. Na usigombane na watu."

"Ishi, Mama."

Kwetu Waswahili, ukimwambia mtu "ishi" umemtakia uhai. Kwa Waamhari, watu wa kwao Yitbarek, ni "haya" au "sawa". Ni neno la adabu. Mtoto aliyelelewa vizuri humwitikia mkubwa "ishi" hata kama hakusikia alichoambiwa. Nimekaa nao miaka mingi, nami limeshanikaa mdomoni.

Serikali ilikuwa imempangia chuo cha mbali, kusini. Bwenini walilala sita chumba kimoja.

"Yitbarek, hebu tuonje hiyo kolo."

"Ishi."

"Twende uwanjani."

"Ishi."

"Nifulie hili shati basi, mimi nawahi kikundi cha kusoma."

"Ishi."

Kolo haikumaliza wiki. Kila mtu alimpenda Yitbarek. Kusoma alisema atasoma akipata nafasi, na nafasi haikupatikana.

Darasani mambo yalikuwa magumu zaidi. Mwalimu Senait alifundisha hesabu kwa Kiingereza, tena haraka. Akimaliza aliuliza, "Mmeelewa?" Ukumbi mzima uliitikia, "Ishi!" Sauti ya Yitbarek ilikuwa juu kuliko zote. Hakuwa ameelewa kitu.

Jaribio la kwanza alipata tatu kwa ishirini. Wanaofeli muhula wa kwanza hurudishwa nyumbani, na mtaani kwao walishaanza kumwita Injinia. Baba yake alikuwa amemshonea koti jipya kwa ajili ya chuo. Angerudi nalo vipi?

Jioni mama alipiga simu. "Masomo yanakwendaje?"

"Ishi, Mama. Vizuri."

Alipokata simu alikaa kitandani akalia.

Mlango uligongwa. Alikuwa Gemechu wa chumba cha pili, Muoromo mwenye maneno mengi, mwanafunzi wa mwaka wa tatu.

"Mdogo wangu, niazime ile ndoo."

"Ishi," alisema Yitbarek, huku anafuta machozi.

Gemechu aliichukua ndoo, akaitazama. "Hii si imeandikwa jina la mwenzako? Unaniazima ndoo ya watu?"

Gemechu aliigeuza ndoo, akaikalia. "Haya, sema. Umefeli?"

"Umejuaje?"

"Mwaka wa kwanza, mtu halii kwa mapenzi. Mwalimu akiuliza kama mmeelewa, wewe unasemaje?"

"Ishi."

"Umeelewa?"

"Hapana. Lakini nimkatalie mwalimu mbele za watu? Si utovu wa adabu?"

"Utovu wa adabu ni kumdanganya! Ishi ya kusikia siyo ishi ya kuelewa, ndugu yangu. Mwalimu ana saa zake za kuonana na wanafunzi. Zimebandikwa mlangoni kwake, na hukaa peke yake humo kama mlinzi wa duka lililofungwa. Nenda. Ila usiende kumwambia hujaelewa kitu. Atakusaidiaje? Soma kwanza, upate mstari uliokukwamisha, umwonyeshe huo."

"Nitasoma saa ngapi? Hawa wenzangu..."

"Waambie huwezi, unakwenda maktaba."

"Watachukia."

"Watachukia mpaka mchuzi wa shiro wa jioni uletwe. Wakishashiba watasahau."

Kesho yake wenzake walimwita uwanjani. "Leo siwezi," alisema Yitbarek. Walimcheka, wakamwita profesa, wakaenda zao. Naye alikwenda maktaba.

Alipofika mlangoni kwa Mwalimu Senait, alitaka kugeuka arudi. Aligonga.

"Nimekwama hapa, Mwalimu," alisema, akaonyesha mstari.

"Hapa? Karibu nusu ya darasa imekosea hapa hapa. Nanyi mliniitikia kwa nguvu, nikajua mambo ni mazuri!" Alimweleza. "Umeelewa?"

"Ish..." Yitbarek alifunga mdomo. "Bado, Mwalimu."

Mwalimu hakukasirika. Alieleza upya, safari hii kwa Kiamhari. Kisha akampa kalamu. "Sasa nieleze wewe. Nikikuelewa, basi umeelewa."

Jioni ile Yitbarek aliwapigia wazazi wake simu, akawaambia ukweli wote, pamoja na maneno ya Gemechu.

"Baba yako alirudia darasa la sita mara mbili," mama alisema. "Hakukwambia?"

Kwa mbali baba alisikika akilalamika kwamba ilikuwa mara moja tu.

Tangu hapo, Yitbarek alisoma somo kabla ya kipindi, na kila wiki aligonga mlango ule. Mwalimu akiuliza kama wameelewa, alinyoosha mkono na kuuliza. Mwanzoni mkono ulikuwa wake tu. Kabla ya mtihani mikono ilikuwa mingi, na wenzake wawili wa chumbani walikuwa wakimfuata maktaba. Mtihani ulipokuja alifaulu. Hakuwa wa kwanza wala wa kumi, lakini alibaki chuoni.

Mama alituma mfuko mwingine wa kolo, akapiga simu.

"Safari hii usiigawe yote."

"Ishi, Mama."

"Ishi ya kusikia, au ya kuelewa?"

Yitbarek alicheka. "Ya kuelewa, Mama."

Aliufungia mfuko sandukuni. Lakini kabla ya kuufungia alichota viganja viwili, akampelekea Gemechu.