Hana Wajina

Mwaka wa sabini na nne nilitumwa ugoro. Mimi, mwalimu Ndeti wa historia, mtu wa kanisa, tai shingoni. Mke wangu Muthoki alikuwa amejifungua msichana, kesho yake akina mama wangempa jina, na nyanya yangu Kaluki, Susu kama tunavyomwita, alisema hatoi jina bila ugoro. Kwetu mtoto asiye na jina bado ni wa mizimu. Niliuita huo ujinga, lakini nani atabishana na Susu? Nikanunua ugoro pale sokoni Kanyangi kwa kujificha, nikautia ndani ya koti.

Njiani kichwa kilikuwa bado darasani. Siku hiyo niliwafundisha Form Three jinsi Waingereza walivyoanzisha Virginia. Njaa iliwatandika mpaka wakala mbwa na ngozi za viatu. Tumbaku ikawaokoa, halafu wakanunua watu weusi wawalimie. Nilipiga meza, nikauliza, "Hao walikuwa watu kweli?" Nilijipenda sana siku hiyo.

Jua lilikuwa limezama nilipofika Mto Tiva. Mto mkavu, mchanga mtupu. Waliokuwa wakiteka maji walikuwa wameenda.

Halafu harufu... majani mabichi ya tumbaku, yaliyolowa.

Mwanamke alikuwa amechuchumaa kwenye kisima kilichochimbwa mchangani. Aliteka kwa kibuyu, na sikusikia maji.

"Wewe ni wa nani?" akauliza bila kugeuka.

Nikataja ukoo wangu kwa heshima.

"Leo umewaambia watoto nani alinunua." Kibuyu kikatulia. "Nani aliuza?"

Niliushika ugoro ndani ya koti.

"Kesho mnampa mtoto jina. Wafu wengine wote wa ukoo, majina yao mmewapa watoto. Mimi sina wajina."

Akageuka...

Uso sitausema. Mikono ilikuwa myeusi kwa utomvu wa tumbaku mpaka kwenye viwiko, na aliinyoosha kama anayepokea mtoto.

Nilitoka mbio.

Susu alikuwa kando ya moto. Nilipomweleza hakushtuka, aliinamisha kichwa tu. Hapo ndipo nilipoogopa zaidi.

"Njaa ilikuwa kubwa," akanong'ona. "Msafara wa watu wa pwani ukapita, ukitafuta watu wa kulima tumbaku. Baba mkwe wangu akatoa binti yake, dada ya babu yako, akapewa mtama. Mtama huo ndio uliomkuza babu yako."

"Basi mtoto aitwe yeye. Jina lake nani?"

Akachochea moto.

"Susu, jina..."

"Lilikatazwa, kwa aibu. Nilipoolewa hapa hakuna aliyelitaja. Silijui, mjukuu wangu. Hakuna anayelijua."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nimemhukumu Mwingereza mbele ya watoto wa watu, kumbe mimi mwenyewe nimetoka kwenye mtama wa kumuuza binti wa ukoo wetu.

Asubuhi tulimwita mtoto Mutindi. Vigelegele vikapigwa, akavishwa shanga. Hakulia.

Sasa ana miaka sita, mwerevu. Ukimwita Mutindi lazima urudie. Lakini giza likianza kuingia, huinua kichwa ghafla, akaitika "Naam" kwa furaha, na kukimbia kuelekea mtoni. Muthoki humkimbilia, akamrudisha mtoto akilia. Kila mara anamshikia mbali zaidi.

Mimi hukaa ndani. Naweza kumuuliza mtoto huwa anaitwa kwa jina gani kule mtoni, na jina la yule mwanamke lipatikane leo leo, tumpe mtoto, yaishe. Lakini watu watauliza limetoka wapi.

Naona haya.