Filimbi Haikulia Mara ya Pili

Maji yaliposhuka, kiatu kilitokea kwanza. Kilikuwa cha mpira, cheusi, cha mguu wa kushoto, na mguu wenyewe ulikuwa bado ndani.

Wafanyakazi waliacha koleo zao wakarudi nyuma. Injenia Henri akazima pampu. Ilikuwa saa mbili ya asubuhi, Jumanne, mwaka wa tatu wa vita, na basini ya pili, bwawa la maji machafu ya mji wa Butembo, ilikuwa inakaushwa ili ipanuliwe. Basini hizo zilichimbwa wakati wa wakoloni kwa ajili ya hospitali. Sasa mji ulikuwa umekua, basini zimejaa matope, na kila mvua kubwa ilimwaga uchafu kwenye mashamba ya watu chini ya bonde.

Inspekta Syauswa wa upelelezi alikuja kwa miguu, kwa sababu pikipiki ya polisi ilichukuliwa na askari tangu mwaka jana. Maiti ilikuwa imelazwa juu ya turubai. Kiunoni ilifungwa kamba ya mbuzi, na kwenye kamba kipande cha bloku ya simenti. Shingoni ilining'inia filimbi.

"Ni Maliro," Henri alisema. "Phinées Maliro, mtangazaji wetu."

Kila mtu alimjua. Kazi yake ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba na kuwaambia wakaaji wa Avenue ya Mikaratusi kitu gani kitafanyika, siku gani, wapi. Mradi ulikuwa na sheria moja ambayo Henri hakuivunja: hakuna jembe kushuka ardhini kabla mwenye nyumba hajaambiwa.

Hospitalini daktari alifanya uchunguzi wa maiti haraka, maana majeruhi walikuwa wanamngoja.

"Pigo moja, nyuma ya kichwa," alisema. "Kifaa butu. Fuvu limepasuka. Mapafu hayana maji."

"Alikufa kabla ya kutupwa."

"Kabla. Ukiangalia mwili ulivyokakamaa, ni jana, kati ya saa kumi na moja na saa moja ya jioni."

Syauswa aliporudi kituoni alikuta kesi imeshafungwa na watu wengine. Komanda Aristote, mkubwa wa askari wa eneo lile, mtu wa mkoa wa mbali, alikuwa ameketi kwenye kiti cha Inspekta. Nyuma ya nondo alisimama Lusenge, fundi wa baiskeli, mdomo umevimba. Mlangoni, chini kwenye saruji, aliketi mke wake Léa, mikono juu ya tumbo la miezi minane.

"Dimanche, siku ya Mungu, mbele ya batu bote, huyu alisema nini?" Komanda aliuliza. "Alisema mutu atakaye muletea harufu ku mulango, atamuzamisha mu hiyo harufu. Leo Maliro amezama. Likambo te, hakuna neno, Inspekta, mimi nimekusaidia. Camion iko natoka saa tisa kwenda Beni. Atapanda."

Syauswa alijua camion ile. Waliopandishwa mwaka huu walikuwa kumi na wawili, na hakuna mke hata mmoja aliyekuwa amepokea barua.

"Nipe mpaka saa tisa," alisema.

"Ya kufanya nini?"

"Kuuliza."

Komanda alicheka kidogo. "Uliza, papa."

Inspekta alimsogelea Lusenge. "Jana Maliro alifika kwako?"

"Mimi ni nyumba ya kwanza, chef. Alifika saa kumi na moja. Akapiga filimbi, akasema yake, nikamutukana, akapiga filimbi ya kutoka. Njo desturi yetu. Kila juma namutukana, kila juma anasema 'asante Lusenge, umesikia vizuri.'"

"Alisema nini?"

"Mambo mbili. Ya kwanza, vendredi, hii Ijumaa, mutaro wa tuyo ya maji machafu utapita nyuma ya manyumba, kufwata vigingi vyekundu, batu batoe mimea. Ya pili, leo basini ya pili itakaushwa, harufu itakuwa kali. Tufunge madirisha, tusianike nguo, batoto bakae mbali."

Syauswa alimtazama. Mtu anayejua kwamba asubuhi maji yatatolewa, anaficha maiti ndani ya maji hayo? Hata mwizi wa kuku ana akili kuliko hiyo. Aliyemtupa Maliro pale hakuwa amesikia habari ya pili.

Alimweleza Komanda. Komanda aliinua mabega. "Kichwa yake iko nguvu tu. Niletee mutu, usiniletee mawazo."

Saa tano Inspekta alisimama juu ya kilima, mahali Avenue ya Mikaratusi inapoanzia. Jua lilikuwa zuri, jua la kufulia. Chini kule basini ilinuka mpaka machozi yakatoka. Alikusudia kuanza kugonga milango, lakini hakugonga. Alisimama akaangalia kamba za nguo.

Kwenye nyumba za juu, kamba zote zilikuwa tupu. Kumi, kumi na tano, kumi na nane. Halafu, ghafla, mashuka. Tangu hapo mpaka chini bondeni, kila lupango, kila uwanja wa nyumba, ilikuwa na nguo zake juani: kaptura, vitenge, nepi. Ni kama mtu amechora mstari katikati ya avenue. Juu ya mstari watu waliambiwa, chini yake hawakuambiwa. Na mashuka ya kwanza, meupe, manne, yalikuwa kwa Mzee Mathe, chef wa avenue.

Alianza na jirani wa juu yake, Mama Kavuo, mshonaji. Alikuwa barazani na mashine yake, pua imefungwa kitambaa.

"Wavukire, mama."

"Wavukire, Inspekta. Kama ni juu ya harufu, umuambie Henri mimi nimeolewa miaka ishirini na muuza samaki. Hapana kunitisha."

"Jana Maliro alifika hapa?"

"Alifika. Akasema mutaro, akasema basini, akaenda."

"Akaenda wapi?"

"Kwa Mathe. Kwani kuna njia ingine?"

"Alipiga filimbi pale?"

"Alipiga."

"Mara ngapi?"

Kavuo alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. "Ya kuingia niliisikia."

"Na ya kutoka?"

"Labda mvua iliifunika."

"Jana mvua ilinyesha saa ngapi, mama?"

Alikata uzi kwa meno, polepole. "Jana haikunyesha," alisema, na hakuinua tena macho.

Syauswa aliruka lupango ya Mathe akaingia ya chini yake. Kanyere, mama wa watoto sita, alikuwa anakusanya nepi kwa hasira.

"Angalia hii! Nimefua tangu alfajiri, sasa mutoto atavaa mavi ya hospitali nzima. Na Henri anasemaka ooh, wakaaji, tutawajulisha. Nani alinijulisha?"

"Maliro hakufika?"

"Kwangu? Hapana. Nilimungoja mpaka couvre-feu, mpaka batu bote bakaingia ndani."

Saa saba ilikuwa imepita. Inspekta akarudi juu, akabisha kwa Mzee Mathe.

Alikuwa mtu wa miaka sitini, mrefu, shati limefungwa mpaka shingoni. Kila Jumapili alisoma somo la kwanza kanisani. Binti yake, Simone, alileta viti viwili na kikombe cha chai, kisha akasimama mlangoni badala ya kuondoka.

"Muzee, jana Maliro alifika hapa?"

"Alifika, mwanangu. Akasema yake yote, akaenda."

"Alisema nini?"

"Mutaro. Utapita vendredi."

"Na kingine?"

"Hakuna kingine."

"Chai yako nzuri," Inspekta alisema. "Lakini mashuka yako yananuka."

Mathe aliyageukia mashuka kama mtu anayeona mgeni uani kwake. Alikuwa chef wa avenue. Majirani wa juu walikuwa na kamba tupu.

Syauswa aliinuka, akazunguka nyumba. Nyuma kulikuwa na bustani inayoshuka kuelekea basini. Vigingi vyekundu vya Henri vilitoka kwa Kavuo vimenyooka kama uzi. Vilipoingia kwa Mathe vilipinda kuelekea barabarani, hatua nne nzima, kisha kwa Kanyere vikarudi kwenye mstari wao. Udongo kwenye vigingi vilivyopinda ulikuwa mbichi kuliko wa vingine. Na mahali ambapo vilipaswa kupita palikuwa na tuta moja la mapuaro, vile vitunguu vya majani marefu.

Inspekta alizaliwa Masereka, kwenye baridi, kwa watu wanaoishi kwa mapuaro na makabichi. Alichuchumaa. Matuta mengine yote yalikuwa yamevunwa kwa ajili ya soko. Hili moja liliachwa mpaka likachanua, mabua yamefika kiunoni, vichwa vya maua vimekauka. Hakuna mtu aliyekata hata jani.

"Haya mapuaro hamuyale?"

Mathe alikuwa amemfuata. "Tuliyasahau."

"Tuta hili peke yake?"

Mathe alisogea akasimama kati yake na tuta.

"Nikichimba hapa, nitapata nini?"

"Usichimbe." Sauti haikuwa tena ya msomaji wa kanisani.

"Muzee, Lusenge anapanda camion saa tisa. Léa yuko chini pale mulangoni tangu asubui. Unamujua Léa. Ulisimamia ndoa yake."

"Najua."

"Na ulikaa unakunywa chai."

"Nilikaa napima!" Mathe alijibu. Kisha akashusha sauti. "Nilipima, Inspekta. Nyumba moja hapa, nyumba makumi tatu pale. Ungepima namna gani wewe?"

Simone alikuwa ametoka mlangoni. Alisimama kando ya tuta, mikono imekumbatia mabega yake.

"Baba, umuambie."

"Wewe ingia ndani."

"Basi nitamuambia mimi. Mwaka jana, wakati wa kuvuna maharagwe, askari aliingia hapa kunichukua. Saa nane ya mchana. Alikuwa peke yake, alikuwa amelewa. Alikuwa ameshanivuta mpaka hapa, mu mapuaro."

"Nilikuwa na jembe mukononi," Mathe alisema. "Sikulitafuta. Nilikuwa nalima."

Syauswa alikumbuka. Askari walipita avenue hii siku tatu wakimtafuta mwenzao. Komanda alisimama barabarani akasema waziwazi: lupango itakayopatikana na mwili wake, avenue yote itawaka, kutoka juu mpaka chini. Hakuna aliyedhani anatania. Mtaa mwingine ulikuwa umeshachomwa kwa kosa dogo kuliko hilo.

"Na Maliro?"

"Mutaro nilikuwa nausikia tangu zamani, lakini Henri alisema utapita kando ya barabara. Jana Maliro anaingia, anapiga filimbi, anasema umehamishwa, utapita nyuma, vigingi vimewekwa mchana nikiwa soko. Nikamuleta hapa. Nikamuambia, rafiki, umuombe Henri aurudishe. Akaniuliza, juu ya nini? Nikasema usiulize. Akasema, 'Mathe, mimi ni mutu wa kujulisha. Sitapeleka ombi bila sababu. Henri ataniuliza, na mimi siongopaki.'" Mzee alijipangusa uso. "Ni kweli. Hakuwahi kuongopa hata siku moja. Njo sababu batu balimusikiliza. Alianza kwenda. Nilimuona anaenda na hiyo midomo yake ya kweli, na kwa Kanyere pale wanapitaka askari kununua pombe ya kasiksi. Muchi wa kutwangia ulikuwa kando ya ukuta."

"Ukampiga kwa nyuma."

"Kwa nyuma. Kwa mbele nisingeweza."

"Na basini?"

"Nilifikiri pale hata mungu haangaliaki." Alicheka bila sauti. "Alikuwa na neno moja ingine la kuniambia. Sikumuacha amalize."

Inspekta aliangalia saa. Saa nane na robo. Aliangalia maua makavu, kisha nyumba zilizoteremka bondeni, na moshi wa majiko.

"Nitakwenda na wewe," Mathe alisema. "Lakini kwenye procès-verbal utaandika nini? Wataniuliza sababu."

"Ulimwomba Maliro mutaro uhame. Alikataa. Mukagombana."

"Ni hiyo tu?"

"Kuna uongo ndani yake?"

Mzee alifikiri. "Hapana."

"Basi vaa koti."

Simone hakulia. Aliyatoa mashuka kwenye kamba, moja baada ya jingine, akayakunja.

Saa nane na dakika hamsini Komanda Aristote alisoma karatasi mbili, muhuri wa polisi, saini ya Mathe, maneno ya daktari, maneno ya Kanyere, mchi wenye damu umefungwa kwa gazeti. Injini ya camion ilikuwa inanguruma nje. Alisoma mara ya pili, akidonoa mstari kwa kidole.

"Mutaro," alisema.

"Ndiyo, Komanda."

"Muzee muzima, wa kanisa, anaua mutu juu ya mutaro wa mavi."

"Ameungama."

"Aligombea nini pale? Mahali iko na dhahabu?"

Jasho lilimtiririka Syauswa mgongoni. "Mapuaro," alijibu. "Mutaro ulikuwa unapita juu ya mapuaro yake."

Komanda aliikunja karatasi. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akafuta macho. Aliwaita askari wake awasimulie. Inspekta alisimama wima, akamwacha acheke.

"Ninyi Banande," Komanda alisema mwishoni. "Na makabichi yenu. Mufungulie huyu wa baiskeli. Na huyu wa mapuaro ni wa parquet, wa mahakama, hapana wangu."

Lusenge alipotoka, Léa alishindwa kuinuka peke yake. Ilibidi mume mwenyewe, mdomo umevimba, amshike mikono amvute.

Alhamisi Henri aliwaita wakaaji wote kando ya basini. Syauswa alikuwa ameshazungumza naye, maneno machache. Henri alitaka kuuliza, akamwangalia usoni, akaacha. Sasa alisimama juu ya bloku akasoma tangazo yeye mwenyewe.

"Mtaro hautapita tena nyuma ya nyumba. Tumeurudisha kando ya barabara, avenue nzima. Kuna swali?"

Watu hawa walikuwa wamemuuliza Henri juu ya mbu, juu ya unene wa matuyo, juu ya mbwa aliyeanguka shimoni. Mkutano uliopita ulichukua saa nne. Leo walisimama, thelathini na zaidi, wakitazama miguu yao. Kavuo alikuwa anaviringisha pindo la kitenge. Kanyere alimsogeza mtoto mgongoni. Lusenge alikohoa. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Syauswa alitazama uso mmoja baada ya mwingine, akaelewa kwamba katika avenue hii hakuna aliyehitaji kujulishwa.

"Mimi niko na swali."

Ilikuwa sauti ya Mama Kahongya, mjane wa Maliro. Alikuwa amekuja kutoka kwao, mtaa mwingine, na nguo nyeusi ya kuazima iliyomzidi mikono.

"Inspekta, mume wangu alikufa juu ya nini?"

Watu wakasogea kidogo, wakimwachia nafasi. Syauswa alivua kofia. Kando ya barabara, askari wawili walikuwa wamesimama wakisikiliza, bunduki mabegani.

"Juu ya mutaro, mama."

Mjane aliangalia vigingi vyekundu, ambavyo wafanyakazi walikuwa wameanza kuving'oa na kuvitupa kwenye rundo. Aliviangalia mpaka cha mwisho.

"Kumbe ulikuwa unahamishika," alisema.