Mwisho Alioutunga Houda

Mgeni alibisha hodi wakati mbaya kabisa. Ilikuwa Jumamosi alasiri, mtaani Kamenge, na Houda na mama yake walikuwa wametulia mbele ya televisheni wakitazama tamthilia yao ya Kikorea. Kila wiki Valéry wa kioskini aliwatilia sehemu mpya kwenye flashi, zikiwa na sauti ya mfasiri mmoja wa Kiswahili aliyeigiza watu wote peke yake, mpaka bibi harusi.

Houda alikwenda kufungua huku amenuna. Mlangoni alisimama msichana mrefu kumpita, mwenye vumbi miguuni na begi moja begani.

"Asalamu alaikum. Hapa ni kwa mzee Karimu, fundi wa magari?"

"Ni hapa. We nani?"

"Mi naitwa Maha. Nimetoka Rumonge. Yeye ni baba yangu."

Houda alicheka. Alidhani anataniwa, kwa maana ndani, kwenye televisheni, msichana aitwaye Sora alikuwa amebisha vivyo hivyo kwenye geti la tajiri mmoja wa Seoul na kujitambulisha kuwa binti yake aliyepotea. Lakini mama yake, Asiya, hakucheka. Aliinuka, akaweka kando gauni alilokuwa akilipinda, akamshika mgeni mikono yote miwili.

"Karibu, mwanangu. Bibi yako hajambo?"

"Tumemzika juzi," alisema Maha.

Jioni baba alieleza. Kabla ya kumwoa Asiya alikuwa na mke Rumonge. Wakaachana, na mtoto akabaki kwa bibi yake. Asiya alilijua jambo hilo tangu siku ya posa. Aliyefichwa ni Houda peke yake. "Hapo tulikosea," alisema baba, akamwomba msamaha.

Kugawana kitanda Houda aliweza kuvumilia. Jambo moja tu lilimshinda. Jumatatu alipompelekea baba chakula gereji, mafundi walikuwa wamekwisha kupata habari. "Kumbe mzee una binti mkubwa!" mmoja alipaza sauti kutoka chini ya gari. "Basi kuanzia leo wewe ni Baba Maha!" Baba alicheka, akaitika. Kwa miaka kumi na miwili Kamenge nzima ilikuwa imemwita Baba Houda. Jina hilo lilichukuliwa kwa siku moja tu, na hakuna aliyemuuliza mwenye nalo.

Njiani kurudi, Houda aliapa moyoni. Maha atarudi alikotoka, tena kwa miguu yake mwenyewe.

Silaha yake ilikuwa ulimi. Shuleni, kila mapumziko, wasichana wa darasa lake walijaa kwenye ngazi karibu na bomba ili awasimulie tamthilia. Wengi wao hawakuwa na televisheni, na waliokuwa nayo mara nyingi hawakuwa na umeme. Houda alijua kusimulia. Alilia palipotakiwa kilio, akaanguka chini palipotakiwa kuzimia. Sasa alianza kuipinda hadithi. Sora wa kwenye televisheni alikuwa mpole, asiyeomba hata maji. Sora wa Houda aliiba pete, akatia dawa kwenye supu ya mama wa nyumba, akamnyemelea mchumba wa dada yake.

"Hawa wanaokuja na begi moja ndivyo walivyo," alisema, akamtupia jicho Maha, ambaye alikuwa amewekwa darasa hilohilo.

Wenzake nao walimtupia jicho. Kesho yake hakuna aliyetaka kuketi naye. Waliokuwa na kalamu nzuri walizificha. Houda aliona yote, na kila alipoona, alihisi utamu kama wa muwa.

Wiki ya pili umeme ulikatika katikati ya sehemu ya mwisho. Sora alikuwa amesimama mbele ya mama wa yule mchumba, mwanamke tajiri mwenye bilauri ya maji mkononi. Houda hakuona haja ya kungoja umeme. Nani asiyejua mama matajiri wa hadithi hizi huwafanya nini wasichana maskini? Asubuhi alipanda ngazi, akautunga mwisho mwenyewe.

"Akammwagia Sora maji usoni, pwaa! Akamfukuza, Sora akaenda zake mvuani. Mwisho!"

Ngazi nzima ilipiga makofi. Saa ya kutoka shule, Maha alipoinama bombani kunawa, Amélie, mmoja wa wasikilizaji wa ngazini, alijaza kikombe, akammwagia kichwani.

"Mwisho!" alipaza sauti. "Lini unarudi kwenu, we mwizi wa baba?"

Wote waliangua kicheko. Houda alicheka kuwapita wote.

Alipofika nyumbani alimkuta Maha, nguo bado zimelowa, akipanga vitu vyake begini. Mama alikuwa amesimama naye.

"Unakwenda kwa nani, mwanangu?"

"Sijui. Jirani wa bibi labda atanipokea."

"Na maji haya? Nani kakufanya hivi?"

Maha alimtazama Houda kwa muda. Kisha akasema, "Nimeteleza bombani."

Houda alikuwa amejiandaa kwa lolote, isipokuwa hilo. Angesemewa, angepata sababu ya kumchukia vizuri zaidi. Sasa ule utamu ulimgeukia kuwa uchungu mdomoni.

Wakati huohuo umeme ulirudi. "Kaeni kwanza," alisema mama, akaweka taulo mabegani mwa Maha na kuchomeka flashi. "Safari haianzi na nguo mbichi."

Kwenye televisheni, mwanamke tajiri aliinua bilauri yake. Maji yaliruka. Yakamlowesha mwanawe mwenyewe! Kumbe kijana yule alikuwa amewadanganya dada wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake. Na wale dada, waliotazamiwa kung'oana nywele kwa ajili yake, walimwacha akichuruzika maji, wakatoka pamoja kwenda kula tambi. Mama tajiri akawakimbilia na mwavuli wasilowe. Mfasiri mwenyewe alishangaa mpaka akasahau kubadilisha sauti.

"Yoo! Mwanawe!" Mama alipiga paja. Hata Maha alicheka, machozi bado machoni.

Houda hakucheka. "Mama, hakuteleza. Ni mimi." Akasema yote, kuanzia pete mpaka supu mpaka kikombe.

Mama alizima televisheni.

"Jana Mwanne, jirani yetu, kaniuliza kama nimeshaanza kumnyima Maha chakula," alisema. "Watu wanaijua hadithi ya mama wa kambo, wanangoja tu niicheze. Mi nimekataa. We umepewa nafasi ya dada mwenye wivu, ukaipokea kwa mikono miwili. Kisasi ni hivyo, mwanangu. Unadhani unakitunga wewe, kumbe unarudia tu kilichofanywa na wengine. Na nguo uliyoichana mbele ya watu, ishone mbele ya watu."

Houda alimgeukia Maha. "Kesho mapumziko nitawaambia kwamba niliwadanganya. Naahidi."

"Watakucheka."

"Nitasema yote."

"Basi nitangoja mpaka kesho," alisema Maha. Lakini begi hakulifungua.

Kesho yake ngazi zilijaa. "Leo tupe mpya!" alidai Amélie.

"Leo ni ileile," alisema Houda. "Sora hakuiba. Hakutia dawa. Mwisho niliutunga mimi kabla sijauona. Na Maha hajachukua kitu cha mtu. Ni dada yangu, tena mkubwa wangu. Mi ndiye niliyetaka afukuzwe."

Mtu mmoja akazomea, wengine wakafuata.

"Mwongo!" Amélie alisimama, uso umemwiva kwa aibu. "Umenifanya nimmwagie mtu maji bure! Sikusikilizi tena, leo wala kesho!"

Wakaanza kuondoka, wawili wawili, watatu watatu. Houda alitamani ardhi ipasuke. Angeweza kuishia hapo. Lakini alikuwa amesema yote, na mwisho wa kweli walikuwa bado hawajausikia. Akaendelea: bilauri, maji, kijana aliyelowa. Alipofika kwenye tambi na mwavuli, ngazi zilikuwa tupu. Alibaki Maha peke yake, aliyekwisha kuiona sehemu ile jana.

Maha alisogea karibu, akaketi chini. "Sema, mdogo wangu. Nasikiliza."

Na Houda akasimulia mpaka neno la mwisho.